Usitupe rodi kuukuu, ifufue: vile nilivyotengeneza rodi ya ami

Naandika hii kwa sababu kila nikipita Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, jioni nakuta vijana wamesimama kwenye mawe na zile rodi za kuvulia samaki, za kuvuta kama antena ya redio, mpya kabisa, na nyumbani kwao darini kuna rodi ya babu ama ya mjomba imelala miaka yaliwa na vumbi. Alafu ile mpya ikikatika kwa kolekole wa pili wanalaumu samaki.

Yangu mimi ilikua ya ami yangu, nyumba ya Kibokoni, imesimamishwa nyuma ya mlango wa stoo pamoja na fagio. Faibaglasi, rangi ya asali, vipande viwili, futi 7. Pete mbili (zile za kupitishia mshipi) zilikua zishaanguka, zilobaki zina kutu, koki ya mkononi (ile kama kizibo cha chupa) nyeusi kama mkaa, na vile vipande viwili vimeshikana havitoki. Nikamwambia ami, naomba nikaitengeneze. Akanitazama akasema, "Chukua mwanangu, ukishindwa niregeshee niangushie maembe."

Jambo la kwanza ujue, kinachokufa kwenye rodi kuukuu mara nyingi si ule ufito wenyewe, yani fimbo tupu bila pete, ni pete na nyuzi zilizozifunga. Chumvi huingia chini ya mguu wa pete ikala chuma, uzi ukalegea, basi mtu aona rodi imeharibika kumbe ufito mzima. Haswa hizi za faibaglasi. Faibaglasi ilianza kutumika kwa rodi baada ya vita vikuu vya pili, kaboni ikaja miaka ya 1970, na 1976 Shakespeare wakatoa Ugly Stik iliyochanganya zote mbili, kwa hivo ukiokota rodi ya mzee yoyote huku pwani uwezekano mkubwa iko humo humo. Kuzitofautisha si kazi, faibaglasi ni nzito, nene, na ukiipinda yapinda mpaka karibu na mkono. Kaboni ni nyepesi, nyembamba, ngumu. Muhimu ujue unayo gani manake faibaglasi itakusamehe makosa, kaboni haina msamaha.

Vitu vya kuwa navyo: wembe mpya, msasa laini (namba 400 na 600), spiriti, mswaki wa zamani, maski tepu, kibiriti cha gesi, plaisi, tupa ndogo, gundi ya vijiti ile ya kuyeyusha, uzi, epoksi ya majimaji mbili, na sirinji mbili za kemisti. Pete zenyewe ntakwambia mbele.

Kwanza osha

Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki upite kila mahali lakini zaidi pale mguu wa pete unapoingia kwenye uzi. Utaona maji yatoka meupe, hio ni chumvi ya miaka. Ikaushe kivulini siku nzima, usiianike juani kwenye bati.

Kama vipande vimeshikana kama vyangu, tafadhali usichukue plaisi. Hapo ndipo rodi nyingi huvunjwa na mwenyewe. Nenda kwa muuza samaki akupe kipande cha barafu, kiponde, tia kwenye mfuko wa plastiki, zungushia kile kipande cha NDANI hapo karibu na maungio kama dakika 10. Kile cha ndani kitanywea kidogo. Alafu wawili mshike, kila mtu mkono mmoja kipande hiki mkono mmoja kipande kile, mkihesabu moja mbili tatu mwavuta moja kwa moja bila kupinda wala kusokota. Mimi na ndugu yangu ilitoka mara ya tatu, na mlio kama chupa ya soda.

Alafu ikague kama daktari

Toa nje kwenye mwangaza. Pitisha ukucha pole pole kutoka shinani mpaka nchani ukizungusha, ukikwama popote tazama vizuri. Kwenye faibaglasi ufa huonekana kama doa jeupe chini ya rangi. Kwenye kaboni mara nyingi huoni kitu, wasikia, kwa hivo pinda kidogo kidogo sikio likiwa karibu, ikilia tik tik basi hio ishakufa, usiitilie gharama.

Pete sasa. Chukua pamba, ipitishe ndani ya kila pete, duru nzima. Pamba ikiacha nywele pale pana ufa, hata kama jicho halioni. Hii pamba msiidharau. Mimi mwaka juzi kwa rodi yangu nyengine sikupitisha pamba, nikaenda Mama Ngina alfajiri, maji yajaa, nikapata kolekole wa haja, amekimbia mara moja, ya pili, mara ya tatu mshipi ukakatika kama mtu ametia mkasi. Nikasema meno. Kurudi nyumbani natazama pete ya tatu ina mpasuko mwembamba kama unywele, ndio iliokua ikikata mshipi muda wote huo. Kolekole mwenyewe hata hana meno ya kukata mshipi, nilikua najidanganya tu.

Piga picha kabla hujatoa chochote

Simu unayo, piga picha kila pete. Alafu kwa futi ya fundi cherehani pima kutoka nchani mpaka kila pete uandike kwenye kipande cha maski tepu, ubandike hapo hapo kwenye ufito pembeni ya pete. Kwa zile zilizoanguka utaona alama ya uzi wa zamani, rangi ya ufito pale ni tofauti. Usiseme ntakumbuka, hutokumbuka.

Pete ya nchani

Hii hutolewa kwa moto. Pitisha kibiriti kwenye chuma cha pete, sio kwenye ufito, sekunde chache toa, sekunde chache toa, huku umeishika kwa plaisi iliyofungwa kitambaa. Gundi ikilainika yatoka yenyewe ukivuta sawa. Isipotoka ongeza moto kidogo, usisokote.

Kama ncha yenyewe imevunjika sentimita tano au kumi usilie. Zungushia maski tepu, kata juu ya tepu kwa tupa ya pembe tatu ukizungusha ufito, usivunje kwa mkono utapasua mpaka ndani. Vaa barakoa, vumbi la faibaglasi na kaboni si la kuvuta na mikono itakuwasha mpaka usiku. Rodi itakua ngumu kidogo nchani, na utahitaji pete ya tundu kubwa zaidi. Ukienda dukani usikisie, beba ufito wenyewe, tena sio kwenye matatu ya saa kumi na moja jioni.

Kuivalisha mpya, kwangua vipande vidogo vya gundi ya kijiti utie ndani ya kitundu cha pete, pasha mpaka iyeyuke, ivalishe, alafu funga jicho moja utazame kutoka mkononi mpaka nchani kama mtu alenga bunduki, iwe sawa na pete nyengine. Una kama sekunde kumi kabla haijashika. Supa glu usitumie hapa kabisa, siku utakayotaka kubadilisha utaiaga ncha.

Kutoa pete za zamani

Wembe upite JUU ya mguu wa pete, pale chini yake pana chuma. Sio pembeni, sio juu ya ufito. Narudia kwa sababu nshafanya. Rodi ya kwanza nilioitengeneza maishani nilikata nyuzi pembeni harakaharaka, wembe ukaacha mkwaruzo kwenye ufito mdogo tu, nikaufunika na vanishi nikaona kazi safi. Nguru wa kwanza, tena hata si mkubwa, ikavunjika pale pale kwenye mkwaruzo, imekatika duara kama umekata kwa msumeno.

Ukishakata juu ya mguu uzi watoka kama ganda. Vanishi iliyobaki ipashe kwa draya ya nywele ikilainika kwangua kwa ukucha au kadi ya benki ilioisha muda. Malizia na spiriti kwa kitambaa. Thina na dawa za kutoa rangi kaa nazo mbali, zaweza kula ile resini inayoshika nyuzi za ufito. Na zile tepu zenye vipimo usizitoe!

Pete zatoka wapi

Maduka ya vifaa vya uvuvi zipo, lakini seti nzima yaweza kukupandisha presha. Mimi nusu nilipata kwa watu wa maboti ya watalii upande wa Mtwapa. Rodi zao zikivunjika huzitupa kwenye kona na pete zake nzima juu yake, ukiongea nao vizuri na soda mkononi watakupa. Kagua kwa pamba kabla hujashukuru.

Kisha mguu wa kila pete usugue kwa tupa mpaka uwe mwembamba mwishoni kama ncha ya kisu, uzi upate kupanda bila kuacha pengo. Chini ya mguu pia pitisha msasa, kile kinundu kidogo cha chuma huchimba ufito ukipinda.

Idadi, kanuni ya watu wengi ni pete moja kwa kila futi na moja juu yake, ukihesabu na ile ya nchani. Ya ami ilikua na saba, nami kwa futi 7 nikaongeza moja ikawa nane, manake ukipinda mshipi ulikua ukigusa ufito katikati. Hivo ndivo hupimwa, shika pete kwa vipande vya tepu tu, pitisha mshipi, mtu apinde rodi, wewe utazame pembeni kama mshipi wafuata mpindo au wakata kona. Nchani pete huwa karibu karibu, zikija chini zaachana. Rili (kile cha kukunjia mshipi) ya kuning'inia pete ziko chini, rili ya kukaa juu kama Penn za wazee pete ziko juu. Kuna watu watakwambia utafute uti wa mgongo wa ufito (upande wake ulio mgumu zaidi kupinda) kwanza, kwa rodi mpya sawa, kwa rodi kuukuu mimi hurudisha pete upande ule ule zilipokua, ufito ushazoea.

Kufunga uzi, hapa ndipo kazi

Uzi uwe nailoni au poliesta. Nenda Biashara Street kwenye maduka ya mafundi cherehani utapata rangi zote za dunia. Kwa rodi nyepesi uzi wa poliesta wa cherehani ulio imara watosha, kwa rodi ya nguru na jodari tafuta mnene kidogo. Pamba hapana, yanywa epoksi ikawa nyeusi kama imeungua. Uzi wa fundi viatu pia hapana, mnene mno. Na rangi nyeupe au ya manjano hafifu ikipata epoksi huwa kama kioo, wauona mguu wa pete ndani, kwa hivo chagua rangi nzito kama hutaki hivo. Mimi nilitia buluu ya bahari na ncha nyekundu.

Mashine hauhitaji. Chukua boksi la katoni, kata V mbili pande mbili, laza ufito juu yake. Uzi upitishe katikati ya kurasa za kitabu kikubwa, kile kitabu cha simu cha zamani ndio kinafaa zaidi, kama bado kipo nyumbani, alafu weka kitu kizito juu yake. Kitabu chashika uzi ukaze sawa muda wote. Mkono ukikaza leo na kulegeza kesho utaona mawimbi.

Pete ishike na tepu kwenye mguu mmoja. Anza milimita 4 hivi kabla ya mguu mwengine, yani kwenye ufito mtupu. Zungusha uzi mara moja, ule mkia wake ulaze chini ya mizunguko inayofuata, mitano au sita, alafu kata mkia. Sasa zungusha UFITO, sio uzi. Kila mizunguko kumi isukume pamoja kwa ukucha au mpini wa kijiko. Uzi ukifika kwenye mguu utataka kuteleza, hapo ndio utajua kama tupa yako ulifanya kazi au ulikua wapiga stori.

Mizunguko minane kabla ya kumaliza, laza kitanzi cha mshipi mwembamba juu ya uzi na endelea kuzungusha juu yake. Ukimaliza shika pale kwa kidole gumba, usiachie hata mtu akiita, kata uzi ubakishe kama sentimita kumi, utie ndani ya kitanzi, vuta kitanzi kitoke upande wa pili na uzi wako ndani. Umejifunga wenyewe bila fundo. Kata kilichobaki kwa wembe, taratibu.

Mguu wa kwanza ulinichukua dakika 40 na matusi. Wa mwisho dakika sita. Zikiisha zote tazama tena kwa jicho moja, uzi bado waruhusu kusukuma pete kidogo kushoto kulia, ukishatia epoksi ruhusa imekwisha.

Epoksi

Nunua ile ya majimaji, ya kumalizia, sio ile gundi nzito ya tyubu mbili ya dakika tano, hio itakauka bado unachovya brashi. Kipimo ni sawa kwa sawa kama chupa yasema hivo, na pima kwa sirinji, moja ya hii moja ya ile, usizibadilishe. Mwaka ule wa kwanza nilipima kwa macho na rodi ikanata wiki mbili, nzi wa Kibokoni wote walikua wageni wangu. Dawa yake ni kupaka tena koti jengine lililopimwa vizuri juu yake, na kama ni nata sana basi futa uanze upya.

Koroga pole pole dakika tatu, ukipiga kama mayai utatia mapovu. Mimina kwenye foili itandae, hapo povu zatoka zenyewe na yakaa muda zaidi kabla ya kuganda. Joto letu la Mombasa huifanya igande haraka kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi, changanya kidogo kidogo, pete tatu nne kwa mara moja. Koti la kwanza liwe jembamba, liingie ndani ya uzi tu. Mwisho wa kila uzi paka ipite kidogo kwenye ufito ili maji yasipate mlango.

Sasa izunguke. Ukiiacha imetulia epoksi itashuka chini ikawa tumbo. Wenye bahati hufunga injini ndogo ya ile sahani ya maikrowevu mbovu, yazunguka taratibu peke yake. Mimi nilikaa kibarazani na kahawa nikageuza robo duara kila dakika mbili tatu kwa masaa mawili na kitu, kila apitaye aniuliza naoka nini. Povu ikibaki pitisha moto wa kibiriti haraka kwa mbali, yapasuka.

Iache siku nzima, sugua kwa msasa 600 kwa kupapasa tu, futa, koti la pili. Miezi ya masika, Aprili na Mei, hewa imejaa maji na epoksi yaweza kutoa utando kama mafuta juu, ukiuona futa kwa maji ya uvuguvugu kabla ya koti jengine. Mimi hii kazi hupenda kuifanya kaskazi. Ukikosa epoksi, vanishi ya maboti yafaa, ndio mtindo wa zamani, ila ni makoti matano sita membamba na kila moja siku yake.

Mkono na mahali pa rili

Koki isugue kwa sabuni na msasa laini itarudi rangi yake. Mashimo jaza kwa unga wa koki uliochanganywa na gundi ya mbao. Ikiwa imeoza kabisa itoe uzungushie tyubu ya baiskeli iliokatwa utepe, si nzuri kwa macho lakini haitelezi hata mikono ikiwa na mafuta ya dagaa.

Ile kutu ya kijani pale rili inapokazwa iloweke kwa kitambaa chenye siki nusu saa, suuza sana, kausha, tone la mafuta ya cherehani. Kama pachezacheza, toboa kitundu kidogo uingize epoksi kwa sirinji. Wenye zile rodi nene za nduaro na sulisuli, pete zake zina vijigurudumu, kila kimoja lazima kizunguke. Kikikwama chageuka msumeno. Fungua skrubu, safisha, tia mafuta kidogo, funga.

Ufito ukiwa umevunjika katikati

Faibaglasi inaungika. Tafuta kipande cha rodi nyengine mbovu kinachoingia ndani kwa kubana, sentimita 15 hivi, nusu huku nusu kule, epoksi nzito, kisha funga uzi juu yake sentimita kadhaa kila upande. Itakua na sehemu ngumu hapo lakini itavua changu na tewa bila shida. Kaboni iliovunjika katikati mimi huifupisha nikawapa watoto wa kuvulia chaa.

Jaribu nyumbani kwanza

Epoksi ipe wiki moja. Alafu funga mshipi kwenye chupa ya maji ya lita moja, hio ni kilo moja, inyanyue kutoka chini pole pole, rodi isipite wima. Sikiliza. Kisha lita mbili. Ikinyamaza ni salama. Na kuanzia hapo kila ukitoka baharini ipige maji baridi ya mfereji, na usiisimamishe tena nyuma ya mlango, ilaze juu ya misumari mitatu ukutani.

Niliporudisha kwa ami kumuonyesha aliishika, akaipinda dirishani, akaanza kuhesabu pete kwa kidole kutoka chini. Akarudia kuhesabu.

"Zilikua saba. Hii ya nane yatoka wapi?"

"Nimeiongeza ami, mshipi ulikua wagusa."

"Miaka thelathini ulikua wagusa," akasema, na rodi hakuniregeshea.